300 mm f/2.8 au zumu ya 600 mm f/6.3: ipi ya kupigia picha vigong'ota msituni?

Kwa mtu mwenye fedha za lenzi moja tu, na ambaye anachokitafuta zaidi ni vigong'ota wa ndani ya msitu, uchaguzi mara nyingi huishia kwenye lenzi mbili: lenzi ya urefu mmoja ya 300 mm f/2.8, au zumu ya 200–600 mm ambayo ikivutwa hadi mwisho inakuwa f/6.3 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia huwa mwingi). Jibu linalotolewa haraka ni kwamba msituni ni giza, f/2.8 inaingiza mwanga mwingi, basi mjadala umekwisha. Nimezitumia zote mbili katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, ya kwanza ikiwa ya kuazima na ya pili yangu mwenyewe, na naona jibu hilo ni nusu ya ukweli, tena ile nusu iliyo ghali.

Tuanze na ndege wenyewe, kwa kuwa tabia zao ndizo zinazoamua mengi. Ninaowafuata msituni humo ni watatu. Wa kwanza ni kigong'ota wa Mombasa, Campethera mombassica, ambaye makazi yake ni ukanda wa pwani kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Mgongo wake ni wa kijani kinachoelekea dhahabu, wenye vidoa vidogo, na kifua chake kina michirizi. Wa pili ni Campethera cailliautii, mdogo kuliko huyo, ambaye kifuani ana madoa badala ya michirizi. Wa tatu ni Dendropicos fuscescens, ndege wa sentimita 14 hadi 16 tu, aliyeenea karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara. Wote hupanda shina kwa kurukaruka, husimama, hugota mara kadhaa, huchungulia kwenye ufa wa gome, kisha huruka tena hatua mbili tatu kwenda juu. Wakihisi kwamba wanatazamwa huzungukia upande wa pili wa shina, na mpiga picha hubaki akikodolea gome.

Katika mwenendo huo kuna jambo moja la kumfaa mwenye kamera. Kigong'ota ana vidole viwili vinavyotazama mbele na viwili vinavyotazama nyuma, na manyoya ya mkia wake ni magumu kiasi cha kuegemewa. Anaposimama kwenye shina, miguu miwili na mkia humshikilia kama chungu juu ya mafiga matatu. Kiwiliwili hutulia kabisa hata pale kichwa kinapogota. Ndege wadogo wanaorukaruka kwenye vitawi hawakupi nafasi hiyo, na ndiyo sababu ushauri wa jumla kuhusu "ndege wadogo gizani" haumfai sana mtu anayewafuata vigong'ota.

Msitu nao si giza la aina moja. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndani yake mna sehemu tatu ambazo mwenye kamera huzitambua hata bila kujua jina la mti hata mmoja. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko. Katikati umepita ukanda wa miti ya mrihi, uliosimama juu ya mchanga mweupe, miti ikiwa imeachana na mwanga ukishuka mpaka chini. Huo mchanga mweupe hurudisha sehemu ya mwanga juu na kuangaza tumbo la ndege, zawadi ambayo wengi hawaioni mpaka waikose. Upande wa magharibi, juu ya mchanga mwekundu, kuna kichaka kizito cha miti ya Cynometra, kifupi na kilichosongamana, ambamo hata saa mbili asubuhi unaweza kudhani jua halijachomoza. Lenzi inayotosha kwenye mrihi inaweza kukuangusha kwenye Cynometra, ingawa ni mwendo wa dakika chache tu kwa gari.

Sasa hesabu. Asubuhi moja, saa 12:40, chini ya matawi ya msitu mchanganyiko, kamera ilinipa kipimo hiki: kwa f/2.8 na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, ISO, yaani kiasi ambacho kamera huukuza mwanga ilioupata, ilikuwa 1600. Kwa f/6.3 na kasi ileile, ISO inapanda hadi karibu 8000. Tofauti ni stopu 2 na theluthi (kila stopu ni mwanga maradufu), yaani mwanga mara tano, na kila anayeiona tofauti hiyo kwenye kioo cha kamera huishiwa na hamu ya zumu papo hapo. Mimi pia iliniishia. Kosa langu lilikuwa kulinganisha namba za kamera badala ya kulinganisha picha ya ndege.

Kigong'ota akiwa mita 10 mbali, lenzi ya 300 mm humchora kwenye kihisi cha kamera akiwa na nusu ya urefu na nusu ya upana wa yule anayechorwa na lenzi ya 600 mm. Eneo lake, kwa hiyo, ni robo. Nikitaka awe na ukubwa uleule kwenye picha ya mwisho, itanibidi niikate picha ya 300 mm na kuikuza, na chenga zote, yale madoa madogo yanayoletwa na mwanga hafifu, zitakuzwa pamoja naye. Lenzi ya f/2.8 imemwaga mwanga mara tano zaidi kwa kila milimita ya mraba, lakini imeumwaga juu ya ndege aliye mdogo mara nne. Faida inayobaki baada ya kukata ni kama theluthi moja ya stopu, kiasi ambacho jicho halikioni. Asiyeamini na aweke telekonvata ya mara 2, kile kipande cha kurefusha lenzi kinachokaa kati yake na kamera, kwenye lenzi yake ya 300 mm f/2.8: itageuka kuwa 600 mm f/5.6, na kati ya f/5.6 na f/6.3 pana hiyohiyo theluthi moja.

Kipimo kinachosema kweli ndege anapokuwa mbali ni kipenyo cha tundu ambalo mwanga hupitia, na hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) kwa namba ya f. Nimeweka hapa chini lenzi ambazo mtu anayefikiria jambo hili anaweza kukutana nazo, pamoja na uzito wake wa takriban.

| Lenzi | Kipenyo cha tundu | Uzito |
|---|---|---|
| 400 mm f/2.8 (Sony GM) | 143 mm | kilo 2.9 |
| 300 mm f/2.8 (Sony GM) | 107 mm | kilo 1.5 |
| 200–600 mm, kwenye 600 mm f/6.3 (Sony G) | 95 mm | kilo 2.1 |
| 500 mm f/5.6 (Nikon PF) | 89 mm | kilo 1.5 |
| 300 mm f/4 (Nikon PF) | 75 mm | kilo 0.76 |
| 800 mm f/11 (Canon RF) | 73 mm | kilo 1.3 |
| 100–500 mm, kwenye 500 mm f/7.1 (Canon RF) | 70 mm | kilo 1.4 |

Jedwali hili lina mambo mawili ya kushangaza. La kwanza ni kwamba lenzi ya 800 mm f/11, ambayo wengi huicheka kwa sababu ya ile namba 11, inakusanya kutoka kwa ndege aliye mbali karibu mwanga uleule unaokusanywa na 300 mm f/4. Bado nisingeipeleka msituni, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye fokasi. La pili ni kwamba ile zumu "ya giza" imesimama jirani kabisa na 300 mm f/2.8, na iliyo peke yake juu ni 400 mm f/2.8, ambayo bei yake inanifanya nisiizungumzie tena. Ukubwa wa kihisi haubadilishi mpangilio huu: kamera ya kihisi kidogo hukata pembezoni mwa picha tu, wala haiongezi mwanga unaotoka kwa ndege.

Hapo mtu anaweza kudhani nimekwisha kuitetea zumu. Bado, kwa sababu hesabu yote hiyo ilimwacha ndege mahali pamoja, na msituni umbali ndio wenye amri. Kutoka mita 10 hadi mita 7, mwanga unaoupata kutoka kwa ndege huongezeka maradufu, yaani stopu nzima kwa hatua tatu au nne, bila kulipa shilingi. Ukiweza kumkaribia hadi mita 6, lenzi ya 300 mm humjaza ndege kwenye fremu sawasawa na 600 mm inavyomjaza kutoka mita 12, na hapo ndipo zile stopu 2 na theluthi zinapokuwa zako zote, bila makato. Kwa maneno mengine, f/2.8 huuza ubora wake kwa bei ya mita 6 za imani ya ndege. Swali la kujiuliza kabla ya kwenda dukani ni kama ndege wako watakubali kuilipa bei hiyo.

Kwa jinsi nilivyowaona, yule mdogo, Dendropicos fuscescens, mara nyingi hukubali. Amewahi kunishukia kwenye mti mkavu nilioketi karibu nao, mita 5 au chini ya hapo, akaendelea kuchokonoa kijiti kama vile sipo. Kigong'ota wa Mombasa ni mtu mwingine. Katika ukanda wa mrihi yeye hupita pamoja na makundi mchanganyiko ya ndege, akiwa juu ya mti, na kundi zima linaweza kukupita ndani ya dakika chache huku likihama mti hadi mti. Hapo hakuna kujongea. Kuna kusimama, kuinua lenzi na kupiga anapotokeza, mita 12, mita 15, wakati mwingine zaidi. Nikiwa na 300 mm siku kama hiyo nilirudi nyumbani na picha safi sana za shina la mrihi, lenye alama ndogo ya kijani pembeni.

Zumu ina sifa nyingine katika hali hiyo ambayo jedwali halioneshi. Kumtafuta ndege mdogo kwa lenzi iliyofungwa kwenye 600 mm, kati ya mashina kumi yanayofanana, ni kazi ya kukatisha tamaa. Kwa zumu unaanza na 200 mm, unalipata shina, unapanda nalo kwa jicho hadi unapoona kitu kinatikisika, ndipo unavuta.

Kwenye kasi ya shata, lenzi zote mbili huongozwa na mafiga matatu niliyoyataja. Wengi hushika 1/1000 kwa hofu ya ukungu wa mwendo, kisha hulia kwamba ISO imefika 25600. Kasi hiyo inahitajika kwa kichwa kinachogota, na kichwa kinachogota mara nyingi hakitoi picha nzuri hata hivyo, kwa maana jicho hufumba na mdomo umezama kwenye gome. Picha inayotakiwa ni ya ile nukta ambapo ndege ameacha kugota, amerudisha kichwa nyuma na kukiinamisha kidogo upande, kana kwamba anasikiliza ndani ya mti. Kwa nukta hiyo 1/200 inatosha, na kwa mfululizo wa picha nane au kumi nimewahi kupata mbili zilizokaza vizuri kwa 1/100, nikitegemea kizuia mtikisiko cha lenzi. Kizuia mtikisiko huzuia mtikisiko wa mikono yako tu. Ndege akisogea hakina msaada. Lakini kwa ndege anayesimama kama kigong'ota hukurudishia stopu moja hadi mbili, na stopu hizo humfaa zaidi mwenye zumu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na upungufu.

Kina cha picha iliyokaza huenda kinyume. Kwenye mfano wetu wa ndege aliyejaza fremu kwa ukubwa uleule, 300 mm f/2.8 kutoka mita 6 hukupa kina cha sentimita 7 hivi, na zumu kutoka mita 12 hukupa sentimita 15. Kigong'ota akiwa ubavu kwako, mdomo, jicho na mkia viko kwenye mstari mmoja na sentimita 7 zinatosha. Akianza kulizunguka shina, kichwa kikikujia na mkia ukibaki nyuma, sentimita 7 zinakwisha upesi. Nina picha moja ya jike ambaye kila unyoya wa kisogo chake chekundu unahesabika, huku mdomo wake ukiwa kama umechorwa kwa mkaa na kufutwa kwa kidole. Hiyo ilikuwa f/2.8, na ilikuwa ndiyo picha bora ya siku.

Kwenye fokasi, hata hivyo, 300 mm f/2.8 inashinda bila ubishi, na hapa ndipo mwenye zumu anapolipa. Kamera hutafuta fokasi kwa mwanga ule unaopita kwenye lenzi, kwa hiyo mwanga mara tano zaidi ni kamera inayoona mara tano zaidi. Kwenye mrihi, saa moja na nusu asubuhi, sioni tofauti. Kwenye Cynometra, au jioni baada ya saa kumi na moja na nusu, zumu huanza kwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta pa kushika, na kwa kuwa ndege ana rangi za gome, mara nyingi hushika gome. Lenzi ya f/11 katika mazingira hayo karibu haina kazi, na ndiyo maana jedwali peke yake lisikudanganye. Dawa ninayoitumia ni kupunguza eneo la fokasi hadi kisanduku kidogo, kulenga ukingo wa shina mahali ndege alipo, na kuiacha kamera isihangaike na kutambua jicho, jambo ambalo kwenye giza hulifanya kwa kubahatisha.

Kuhusu chenga, programu za kisasa za kuzisafisha zimempunguzia mwenye zumu mzigo mkubwa. Tangu mwaka 2023, Adobe Lightroom imekuwa na zana ya kuondoa chenga inayofanya kazi kwenye faili ghafi za RAW, na kampuni ya DxO walikuwa wametangulia kwenye njia hiyo. ISO 6400 iliyopigwa kwa mwangaza wa kutosha hutoka ikiwa safi kuliko nilivyotarajia. Sharti ni huo mwangaza wa kutosha. Kigong'ota akiwa juu ya mti huwa na anga nyeupe nyuma yake, kamera inadanganyika na kumfanya mweusi, nawe ukija kumwangaza kwenye kompyuta unazalisha chenga zilezile ulizotaka kuzikwepa kwa kutumia ISO ndogo. Mimi huongeza mwangaza wa picha stopu moja juu ya kipimo cha kamera, wakati mwingine moja na theluthi mbili, na kuiacha anga iungue. Tahadhari nyingine ni kwamba programu ikikazwa mno hulainisha kifua cha ndege, na michirizi ya kigong'ota wa Mombasa ikilainika hadi kukatikakatika inaanza kufanana na madoa ya yule mwenzake. Kwa ndege ambaye zamani wapo waliomhesabu kuwa ni tawi tu la spishi nyingine, Campethera abingoni, alama hizo si mapambo.

Uzito nautaja kwa haraka. Kati ya lenzi hizi mbili, 300 mm mpya ya Sony ni nyepesi kuliko zumu, ila zile za zamani za f/2.8 zinazopatikana kwa bei ya mtumba zinavuka kilo 2, basi zinalingana nayo au kuizidi. Stendi ya miguu mitatu ni adui kwenye kichaka. Ya mguu mmoja inafaa kwa zote mbili, hasa kwa ndege anayekwenda juu na chini zaidi kuliko pembeni.

Wapo watakaouliza kwa nini wasinunue flashi, ambayo ni nafuu kuliko lenzi yoyote hapo juu. Flashi hugandisha mwendo vizuri, kwani ikitumiwa kwa nguvu ndogo mwako wake ni mfupi mno, na kutoka mita 5 inaweza kuokoa picha. Ila shina liko sentimita chache nyuma ya ndege, hivyo kivuli cheusi kinamkaa mgongoni kama pacha wake, na jicho hupata mng'ao wa ajabu. Kufikia mita 12 nguvu yake imekwisha. Naitumia kidogo, kujazia vivuli tu, flashi ikiwa mbali na lenzi kwa mkono mmoja, na siitumii kabisa karibu na tundu lenye makinda. Hali kadhalika kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili asogee karibu na lenzi ya 300 mm: inafanya kazi, na wakati wa kuzaliana inamtoa ndege kwenye shughuli zake ili mimi nipate stopu mbili.

Kwa hiyo, anayetembea kwenye mrihi akifuata makundi, na anayetaka lenzi hiyohiyo imfae pia kwenye kijito cha Mida, palipo jirani, kwa ndege wa ufukweni, achukue zumu na ajifunze kuridhika na 1/200. Anayepiga zaidi kwenye Cynometra, au ndani ya msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako miti imefunga juu, na mwenye subira ya kuketi saa mbili karibu na mti mkavu mmoja, achukue 300 mm f/2.8, pamoja na telekonvata ya mara 1.4 ya kumsaidia siku ndege wanapogoma. Mwenye fedha kidogo asizidharau 300 mm f/4: ukiwa nayo mita 7 kutoka kwa ndege unakusanya mwanga zaidi ya mwenye zumu aliye mita 10. Mimi nilibaki na zumu. Lenzi ya kuazima niliirudisha siku iliyofuata ile picha ya jike, na mwenyewe alipoiona kwenye simu alisema mdomo ungekuwa umekaza angeniuzia.